Habari Niliyompelekea Saru Jeddah

Nyinyi wa kwaya mmezishika zile picha mpaka zimeingia mafuta ya mandazi. Kila mmoja anauliza: huyu mwenye nguo nyeusi mbele ya jumba kubwa ni wewe, Mghoi? Mliruhusiwa kuingia? Mlikula nini huko? Basi nimeamua kuandika yote mara moja, mpitishiane, niache kurudia hadithi moja kila Jumatano hadi sauti inaisha kabla ya mazoezi. Mambo ya ajenti, viza na foleni za Nairobi sitayagusa. Wengine wenu mliyapitia wenyewe, na mimi yananitia hasira mpaka leo.

Jambo moja mlijue kabla hatujaondoka. Mama alifariki mwezi wa nane, mimi nikiwa Riyadh na mdogo wangu Saru akiwa Jeddah. Mlimzika nyinyi, mkamwimbia nyinyi. Na mnajua kwetu mtu haambiwi kifo cha mamake kwa simu akiwa peke yake katika nyumba ya watu. Anatafutiwa mtu wa kumkalisha chini na kumshika, ndipo aambiwe. Kwa hiyo Mjomba Mwadime alimpigia kwanza Barasa, dereva wa bosi wangu, mtu wa Bungoma. Barasa akaniita nje penye gari, akapindua ndoo, akasema, "Kaa hapo, Mtaita." Nilipoiona ile ndoo nilijua.

Siku ya tatu Mjomba alinipigia mwenyewe. "Saru hana mtu kule," akasema. "Usimwambie kwa simu. Wewe ndiye uko nchi moja naye, utamwambia mkionana." Nikajibu sawa, Mjomba. Yeye akisikia nchi moja anafikiri ni kama Wundanyi na Mwatate. Kutoka Riyadh hadi Jeddah ni siku nzima ya gari, na mfanyakazi wa ndani hajiamulii kupanda basi kwenda kumwona nduguye. Madam alinikumbatia kwa msiba wangu, akanipa siku mbili za kulia, lakini ruhusa ya kwenda popote, mafi, hakuna. Miezi mitano kila Jumapili Saru akiniuliza hali ya Mama, nikimwambia Mjomba anasema anaendelea vizuri.

Kutoka Suwaidi hadi Makumbusho ya Taifa

Ilikuwa likizo ya shule ya wakati wa baridi. Baridi ya Riyadh si ile yetu ya ukungu, ambayo mtu unaivaa asubuhi pamoja na sweta. Ile ni kavu, inapasua midomo, na ukitoka nje unatamani angalau umande. Nilikuwa nimesimama jikoni nikiutamani huo umande, Reem akaingia na daftari lake. Reem ndiye binti mkubwa, miaka tisa, mtoto wa utaratibu kupita mamake. Mwalimu alikuwa amewaambia watembelee sehemu za kihistoria na kuzichora. Reem alitaka kumi. Sehemu nne zilikuwa Riyadh, na sita Jeddah.

Niliposikia Jeddah niliweka sahani chini polepole, nikaogopa itaanguka.

"Maryam, unatetemeka," akasema Reem. Kwao mimi ni Maryam, kwa sababu Mghoi liliwashinda siku ya kwanza na hawakujaribu siku ya pili.

"Ni baridi," nikasema. Kisha nikamwambia, kama mtu anayepita tu, kwamba Jeddah kuna msikiti uliojengwa juu ya maji ya bahari, na mtoto asiyeuchora huo atakuwa amechora nini? Saru alikuwa ameniambia mabosi wake wa mtaa wa Nuzha hupenda kwenda kuswali pale jioni wikendi. Reem akauandika kuwa namba kumi. Mimi nilitaka uwe namba moja, lakini mtu hasukumi bahati yake mpaka ianguke.

Makumbusho tulifika asubuhi kutoka Suwaidi, mtaa wetu wa Riyadh, na kumbe ilikuwa zamu ya wanaume, familia zinaingia baada ya Asri. Baba wa watoto, bosi wangu, hakuuliza kabla ya kutoka, wanaume ni walewale kila nchi. Tukakaa kwenye bustani saa nne nzima. Madam akatandika mkeka, akatoa kahawa ile ya rangi ya manjano yenye iliki, tende, na sambusa nilizozikaanga alfajiri. Turki, mdogo wa Reem, ana miaka minne, alikula sambusa tano akalala kwenye mapaja yangu. Turki nimemlea tangu akiwa anatambaa. Kiswahili alikijua kabla ya Kiarabu, na akinitaka huniita Dada, kwa hiyo pale bustanini wanawake waligeuka kumtazama mtoto wa Kisaudi anayeota kwa lugha isiyojulikana.

Ndani nilipenda jiwe kubwa lililoanguka kutoka angani hadi jangwani. Nilisimama mbele yake nikawaza: hata hili limefika. Hiyo picha yangu mnayoishika ni ya siku hiyo. Mnasema natabasamu. Uso umefunikwa, mnaonaje?

Dirah

Siku ya pili ilikuwa Dirah, mji mkongwe, kwenye ile ngome ya udongo yenye ncha ya mkuki iliyokwama mlangoni tangu enzi za vita. Reem alikaa mbele ya ule mlango akachora hiyo ncha kwa saa nzima. Ncha yenyewe haifiki kidole. Baba akampeleka Turki kununua juisi, na madam akaniambia niende soko la jirani nimletee udi.

Muuzaji alikuwa mzee wa Kihadhrami. Nilianza kumwambia kwa Kiarabu changu cha kuungaunga, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, sema Kiswahili upumzike. Mimi nimekulia Mombasa, pale Kibokoni." Jamani. Nilijikuta nimekaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa. Akanimiminia kahawa ya tangawizi, akaniuliza kwetu wapi, nani nimemwacha. Nikamweleza yote, hata yale ambayo Barasa sikumweleza: kwamba nina habari ya kifo na sijui nitaianzaje.

"Utaianza kwa salamu," akasema. "Halafu umkalishe."

"Na nikikosa nafasi ya kuonana naye?"

Alifunga udi kwenye karatasi bila haraka. "Hapo utaendelea kumdanganya mpaka mwingine amwambie kabla yako," akasema. "Mungu awape subira, mwanangu." Sikupenda alivyosema, lakini nilijua ni kweli. Siku moja mtu yeyote wa nyumbani angeteleza ulimi, na Saru angesikia peke yake, amesimama jikoni kwa watu, na angejua kwamba dadake alikuwa anamficha.

Barabara ya kwenda magharibi

Alhamisi tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Barasa kwenye usukani, baba kando yake amelala, madam na watoto katikati, mimi nyuma pamoja na mito, birika na sufuria ya wali na kuku niliyoifunga kwa taulo. Nilikuwa nimepatana na Saru kwa ujumbe: mabosi wake wataswali Magharibi pale msikitini, sisi tutafika Jeddah saa kumi. Madam wake akiingia kuswali na wangu akiingia, sisi tusioswali tutabaki nje na watoto wa watu. Ndiyo nafasi ya wafanyakazi Wakristo wa kule, dada zangu. Muda wa swala moja, robo saa, imamu akisoma sura ndefu ni dakika ishirini.

Jangwa halina hadithi. Ni mchanga, ngamia, kituo cha mafuta, mchanga tena. Turki alitaka kukojoa kila penye ngamia. Tulisimama kula, tukasimama kuswali Adhuhuri, tukasimama Reem achore ngamia ambaye hakuwa hata kwenye orodha. Nilikuwa naangalia saa hadi Barasa akaniona kwenye kioo.

"Mtaita, hiyo saa utaimaliza," akasema kwa Kiswahili. "Tutafika. Mimi siendeshi punda."

Baada ya Taif barabara inashuka mlima wa Hada kwa kona baada ya kona, na pale ukingoni kulikuwa na nyani. Nyani kabisa, wale wetu wa kuiba mahindi, wamekaa ukutani na watoto mgongoni. Nililia. Sijui niwaelezeje. Miaka mitatu sijaona mlima, sijaona kona, sijaona mnyama mwenye adabu mbaya kama wa nyumbani. Mama alikuwa akiwarushia mawe akiwatukana kwa majina ya majirani. Madam akauliza kama ninaumwa na safari, nikasema ndiyo.

Njia panda

Chini ya mlima baba aliamka akamwambia Barasa afuate njia fupi ya kupitia Makka. Barasa akapunguza mwendo. "Bosi," akasema, "mimi na Maryam..."

"Yalla, yalla, tumechelewa," akasema baba.

Kwenye kizuizi askari akaomba ikama zetu, vile vitambulisho vya ukaazi. Akaziangalia, akamwangalia baba kama mtu aliyeleta mbuzi sebuleni. Si Waislamu, akasema, hawa hawapiti hapa. Baba akageuka kunitazama, na naapa alikuwa ameshangaa kwa dhati.

"Maryam si Muislamu?"

Madam alijifunika mdomo. "Wallahi nimesahau," akasema. "Anafunga Ramadhani na watoto kila mwaka." Nilifunga, ndiyo. Ukiwa nyumba ambayo hakuna anayekula mchana, utakula na nani? Reem akacheka, na hata baba akacheka, akampiga Barasa begani akisema na wewe kwa nini hukusema. Barasa aliangalia mbele, kwa sababu alikuwa amesema.

Tukarudi nyuma kutafuta barabara yetu sisi wengine, ile ya kuzunguka. Sikuwa na hasira na askari, wala na Makka ya watu. Nilikuwa na hasira na jua. Lilizama tukiwa bado katikati ya vilima, na kwenye simu yangu ukaingia ujumbe wa Saru: "Dada niko hapa. Wanaingia kuswali." Kisha mwingine: "Wametoka." Kisha: "Tumeondoka. Labda kesho, bosi akiamka vizuri." Sisi kesho ndiyo siku yetu moja, Jumamosi alfajiri tunarudi. Nilifungua ile sufuria nikagawa wali.

Balad

Ijumaa hakuna kitu kinachofunguliwa Jeddah kabla ya swala ya Ijumaa, na mji mkongwe wa Balad ulianza kuamka baada ya Asri. Jamani, Balad. Nyumba za mawe ya matumbawe, ndefu, na madirisha ya mbao yaliyochongwa. Wale waliowahi kufika Mombasa watanielewa. Harufu ni ya bahari, udi, na samaki wa jana. Kulikuwa na nyumba kubwa iliyogeuzwa makumbusho, na mbele yake mti mmoja mkubwa, watu wanapiga picha kana kwamba ni ajabu ya dunia. Nikauliza ni mti gani huu. Ni mwarobaini. Nilichuma jani nikalitafuna, chungu vilevile, kila mtu akaniona mwendawazimu.

Saru aliandika: wanakuja. Bosi ameamka vizuri.

Na Reem akakaa chini kuchora mwarobaini. Jani kwa jani. Alichonga penseli, akachora, akafuta, akachonga tena. Jua likawa limefika kwenye madirisha ya juu. Nilimwambia vizuri mara ya kwanza. Mara ya pili nikamwambia mti haukimbii. Mara ya tatu nilimnyang'anya penseli.

"Halas, basi," nikasema. "Mti mmoja unauchora mpaka lini?"

Reem hajawahi kusikia sauti hiyo kutoka kwangu. Midomo ikaanza kumcheza. Nikachuchumaa, nikamrudishia penseli, nikaona aibu, kwa sababu mtoto hana kosa. Nikamwambia ukweli, sehemu yake tu: dada yangu atakuwa kwenye msikiti wa namba kumi saa ya Magharibi, na sijamwona miaka mitatu.

Aliniangalia. "Dada yako kabisa? Wa mama mmoja?"

"Wa mama mmoja."

Akafunga daftari na majani yako nusu, akamwendea babake, akamwambia mwanga wa msikiti ni mzuri jioni tu na mwalimu atakasirika. Dakika tano tulikuwa garini. Huyo mtoto, Mungu ampe maisha marefu na mume mwenye akili.

Msikiti ulio juu ya maji

Adhana ilianza tukiegesha. Baba akaingia upande wa wanaume, madam akamshika Reem wakaingia upande wa wanawake, Barasa akabaki na gari. Mimi na Turki tukabaki kwenye ukingo wa bahari, pamoja na wanawake wengine kama mimi: Wafilipino, Wahabeshi, Waindonesia, kila mmoja na mtoto asiyekuwa wake. Nikamtafuta Saru. Nilikuwa namtafuta yule niliyeagana naye, mnene wa mashavu, wa kutembea kama nyumba ni yake. Hakuwepo. Nilipita kundi lote mara mbili. Imamu ameshaanza kusoma.

Mimi nami nilikuwa nimevaa nikabu kama madam anavyotaka Riyadh, macho tu ndiyo yanaonekana. Wa Jeddah nyuso zao ziko wazi. Sikufikiri kwamba Saru hatanijua. Msichana mmoja mwembamba sana alipita karibu yangu akisukuma kigari cha mtoto, akanitazama, akapita. Nami nikamtazama, nikapita.

"Dada," Turki akasema kwa sauti, kwa Kiswahili, "mimi nataka kukojoa. Sasa hivi."

Yule mwembamba akasimama. Akageuka polepole, akamwangalia mtoto wa Kisaudi, kisha akaniangalia mimi. Nikafunua uso.

"Uuwi, dada," akasema.

Nilimshika. Alikuwa mifupa. Nguo ilikuwa imejaa upepo, yeye hayumo ndani. Tulishikana hadi kigari kikaanza kuteremka peke yake, tukakikimbilia, tukacheka, tukamwacha Turki akojolee mawe ya bahari, Mungu atusamehe. Kisha nikakumbuka kilichonileta. Kulikuwa na ukuta mfupi.

"Saru," nikasema, "njoo ukae hapa kwanza."

Lakini yeye alikuwa ameshanishika kiwiko, ananivuta kwenye ukuta uleule. "Dada," akasema, "kaa chini."

"Kaa wewe."

"Hapana, dada yangu. Wewe ndiye ukae."

Tukabaki tumesimama, kila mmoja amemshika mwenzake, kila mmoja anasukuma mwenzake chini.

"Unajua," nikasema.

"Na wewe?"

"Tangu mwezi wa nane."

Tulikaa wote kwa pamoja. Mama mdogo ndiye aliyemwambia, kupitia msichana wa jirani kule Nuzha aliyekuja kumkalisha, na akamwonya: Mghoi yuko peke yake Riyadh, usimwambie kwa simu, mtoto wa watu atamponyoka mkononi. Mjomba hakumwambia Mama mdogo, Mama mdogo hakumwambia Mjomba. Miezi mitano Saru aliniuliza hali ya Mama ili nisishuku, nami nikamjibu ili asishuku, kila mmoja akidhani mwenzake anadanganywa na watu wa nyumbani.

Tulilia bila sauti, kwa sababu ya watu wanaoswali. Nilihisi nimeibiwa kitu na nimerudishiwa kitu, na vyote ni kitu kimoja.

"Wewe uliniambia ameanza kunywa uji," akasema Saru.

"Niliutunga."

"Nilijua kuna uongo mahali fulani. Nilijua yuko chini ya udongo, dada. Lakini ukiniambia amekunywa uji, nilikuwa nafurahi. Siku hiyo nafanya kazi vizuri."

"Na ule mguu wake, si uliniambia Mama mdogo anasema umepona?"

"Mimi ndiye niliuponya," akasema, akacheka huku kamasi zinamtoka, nikamfuta kwa nikabu yangu. Angalau siku hiyo ilikuwa na kazi.

Imamu akatoa salamu. Watu wakaanza kutoka. Madam akatuona, akaja haraka kisha akapunguza mwendo. Nikamwambia huyu ni mdogo wangu, mtoto wa mama yuleyule niliyefiwa. Alimtazama Saru, akamtazama baba aliyekuwa anatoka msikitini, akamwambia akanunue baliila, zile mbaazi zao za siki na pilipili zinazouzwa pale baharini, anunue kwa wote, na asiharakishe. Tukala pamoja kwenye ukuta, na sijui kama zilikuwa na chumvi. Kisha sauti ya mwanamke ikaita yalla kutoka kwenye gari jeupe, Saru akainuka, akajipangusa, akashika kigari.

Wundanyi

Mimi nilimaliza mkataba, nikarudi. Reem alipata alama nzuri, hata ya mwarobaini usiokamilika. Turki alishikwa na homa wiki ya kwanza baada yangu kuondoka, madam akaniandikia. Siku naondoka alinishika nguo hadi Barasa akamwondoa, na nikisikia mtoto yeyote anaita Dada hapa sokoni bado nageuka. Saru yuko Nuzha, bado mwaka na miezi.

Jumapili iliyopita, mnakumbuka, nilitoka kanisani kabla ya tangazo la mwisho mkanisema. Nilikuwa nimeenda kaburini, kwa sababu Saru alikuwa amepata nafasi ya kupiga simu ya picha, mabosi wametoka. Nikamwonyesha msalaba, maua mliyopanda, na lile eneo ambalo udongo umedidimia kidogo. Nikamwonyesha ukungu ukipanda kutoka bondeni. Alitazama muda mrefu. Nilidhani mtandao umekwama.

"Dada," akasema, "niweke hapo juu yake. Unielekeze kwa Mama. Halafu uondoke kidogo."

Niliilaza simu kwenye udongo, nikaiegemeza kwenye jiwe isianguke. Kisha nikaenda kusimama kule kwenye ua wa miwa ya jirani, mbali, nikawapa mgongo. Sijui alimwambia nini.